Popo wa Pemba Mbele ya Mwezi: Picha za Wanyama Zilizohaririwa na Namna ya Kuzikosoa

Tuchukue picha moja ya popo wa Pemba, yule mkubwa mwenye manyoya ya rangi ya kutu na mabawa meusi, akining'inia mchana kwenye tawi. Mpiga picha wa ridhaa anaweza kuifanyia picha hiyo mambo matatu tofauti. Kwanza, anaweza kuongeza mwanga kidogo na kukata ukingo wenye majani yanayosumbua macho. Pili, anaweza kumtoa popo kwenye tawi, akamweka mbele ya mwezi mpevu, akaibadili anga iwe ya zambarau. Tatu, anaweza kumpa macho mekundu, akamkuza awe na kimo cha mtu mzima, akamketisha juu ya paa la nyumba ya watu, kisha akaisambaza picha na maneno machache tu: "Imeonekana usiku wa jana."

Picha zote tatu zimehaririwa. Tunapoulizwa maoni, wengi wetu hutoa jibu moja kwa zote. Wapo wanaosema kuhariri ni kudanganya, kwa hiyo zote ni mbaya. Wapo wanaosema hiyo ni sanaa, kwa hiyo mwenye picha asiulizwe kitu. Tunaona kwamba majibu haya mawili yanakosea kwa sababu moja: yote yanapima kiasi cha kuhariri. Katika makala haya tunataka kueleza kwamba kipimo ni kingine. Kila picha inampa mtazamaji ahadi fulani, na kuhariri ni kwema au kubaya kulingana na jinsi mwenye picha anavyoitunza ahadi hiyo. Tukishaelewa hilo, tutaona pia namna ya kumkosoa mwenzetu bila kumwonea na bila kumdanganya.

Popo huyu ni nani

Tumemchagua popo wa Pemba kwa makusudi. Wanasayansi humwita Pteropus voeltzkowi, na duniani kote hapatikani mahali pengine isipokuwa kisiwani Pemba. Jamaa zake wako Komoro, Madagaska na visiwa vingine vya Bahari ya Hindi hadi Asia, lakini bara la Afrika lenyewe halina popo wa jenasi hii. Mabawa yake yakikunjuliwa hufikia karibu mita moja na nusu, ingawa mwili wake haufiki kilo moja. Chakula chake ni matunda na maua, na anaporuka usiku kutoka mti hadi mti husambaza mbegu. Kwa lugha rahisi, ni mmoja wa wapanda miti wa kisiwa.

Miongo michache iliyopita nusura tumpoteze. Aliwindwa kwa ajili ya nyama, na miti mikubwa anayolala ilikatwa. Mwaka 1996 aliorodheshwa kimataifa miongoni mwa wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Kilichomwokoa ni wanavijiji wenyewe. Vilabu vya uhifadhi viliundwa vijijini, elimu ikatolewa shuleni, na mahali kama Kidike, kati ya Chake Chake na Wete, watu wakaanza kulinda makao ya popo na kuwakaribisha wageni kuwatazama. Hesabu zilizofanywa katika miaka ya 2000 zilikadiria popo karibu 20,000, na mwaka 2008 alishushwa hadi ngazi ya hatari iliyo nafuu zaidi. Hata hivyo bado analindwa na kitu kimoja tu ambacho hakiwezi kuwekewa uzio: mtazamo wa watu wanaoishi naye.

Mtazamo huo unajengwa kwa maneno na kwa picha, na Pemba inajua jinsi unavyoweza kubomoka haraka. Mwanzoni mwa mwaka 1995 uvumi wa Popobawa ulianza Pemba, ukavuka hadi Unguja na kufika Dar es Salaam. Ulikuwa uvumi wa jini au shetani anayewavamia watu usiku wakiwa wamelala, na jina lake limebeba popo na bawa. Watu waliacha vyumba vyao wakakesha nje kando ya moto, familia na majirani pamoja. Huko Unguja mtu mmoja mgonjwa wa akili aliuawa na umati uliomdhania kuwa ndiye Popobawa. Siku hizo hakuna aliyekuwa na kamera mfukoni. Uvumi ulisafiri hasa kwa midomo, na bado ulifika mbali kiasi hicho. Picha ya tatu tuliyoitaja, ile ya macho mekundu juu ya paa, ikitua leo kwenye simu za watu wenye kumbukumbu hiyo, aliyeitengeneza hawezi kusema alikuwa anatania.

Mchoro na ushahidi

Kwa nini picha iweze kudanganya kuliko mchoro? Tuangalie michoro ya Tingatinga. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, na ingawa alifariki mwaka 1972, mtindo wake umeenea hadi leo. Ukipita vichochoro vya Mji Mkongwe utaiona michoro ya aina yake imetundikwa ukutani. Humo kuna chui mwenye madoa makubwa kama sahani, ndege wa rangi ambazo hakuna ndege aliyewahi kuwa nazo, twiga mwenye shingo inayozunguka kama mzabibu. Hatujawahi kumsikia mtu akimshtaki mchoraji wa Tingatinga kwa uongo. Kila anayetazama anajua kwamba mchoraji haahidi kutuonyesha chui fulani aliyekuwa mahali fulani siku fulani.

Picha ya kamera huja na ahadi tofauti. Mwanga uliogusa mwili wa mnyama ndio uliogusa kioo cha kamera. Kwa hiyo, hata kabla mpiga picha hajafungua kinywa, picha imeshasema: kiumbe hiki kilikuwepo, nami nilikuwepo. Picha ni shahidi. Ndiyo maana tunaitumia mahakamani, kwenye vitambulisho, na kwenye tafiti za wanyamapori. Anayehariri picha anagusa maneno ya shahidi, na hapo ndipo amri ya nane inapotuhusu. Amri hiyo inakataza kushuhudia uongo, na ushahidi huo unaweza kutolewa kwa jicho la kamera sawa na kwa ulimi.

Lakini tusikimbilie kuhukumu. Mtakatifu Augustino, aliyeandika vitabu viwili vizima juu ya uongo, alikuwa mkali sana katika jambo hili. Hakukubali uongo hata kwa nia njema. Hata hivyo mtu huyu mkali alikiri kwamba hadithi ambamo panya anasema na panya mwenzake, au kicheche na mbweha, si uongo. Alikumbusha pia kwamba katika kitabu cha Waamuzi kuna hadithi ya miti iliyokwenda kujitafutia mfalme. Hakuna msikilizaji anayedhani miti ilitembea. Maneno ya hadithi yanaelekeza kwenye jambo lingine, na jambo hilo ni la kweli. Sisi tuliokua na hadithi za Sungura na Fisi hatuhitaji kufundishwa hili kwa muda mrefu.

Mwanakondoo wa nabii Nathani

Mfano unaotusaidia zaidi uko katika kitabu cha pili cha Samweli, sura ya 12. Nabii Nathani anamwendea mfalme Daudi na habari ya maskini mmoja aliyekuwa na mwanakondoo jike mmoja tu, aliyemlea kama binti yake, na tajiri aliyemnyang'anya ili amchinjie mgeni. Mwanakondoo huyo hakuwahi kuwepo. Nathani alimtunga. Ni mnyama wa kubuni, aliyepambwa kwa makusudi ili aguse moyo.

Tuangalie kwa makini kilichotokea. Daudi hakutambua kwamba ni mfano. Aliipokea kama taarifa ya tukio, akakasirika, akataka kutoa hukumu ya kifo. Kwa dakika hizo chache mfalme alikuwa ameamini jambo ambalo halikutokea. Kama Nathani angeondoka wakati huo, huenda Daudi angewatuma askari kumtafuta tajiri asiyekuwepo, na mtu asiye na kosa angeweza kuumia. Nathani hakuondoka. Mara moja alimfunulia mfalme kwamba habari ile inamhusu yeye mwenyewe. Kwa ufunuo huo, mnyama wa kubuni akageuka kuwa njia ya ukweli mzito kuliko taarifa yoyote.

Tunaona hapa kanuni nzima ya picha iliyohaririwa kisanaa. Mwenye picha ana ruhusa ya kubuni. Ana ruhusa ya kumweka popo mbele ya mwezi ambao hakuwahi kuruka mbele yake, kama kwa kufanya hivyo anatuonyesha uzuri wa kiumbe tulichozoea kukidharau. Asichoruhusiwa ni kuondoka kabla ya kufunua. Sentensi moja chini ya picha inatosha: "Picha mbili zimeunganishwa: popo alipigwa mchana Kidike, mwezi ulipigwa usiku mwingine Wete." Mwandishi wa sentensi hiyo hajaipunguzia picha yake uzuri wowote. Ametunza ahadi.

Mifano mitatu kutoka nje ya kisiwa

Jambo hili limeshajitokeza mahali pengi, na mifano mitatu inatufundisha mambo matatu tofauti.

Mfano wa kwanza ni wa Ziwa Natron, kaskazini mwa Tanzania. Mpiga picha Mwingereza Nick Brandt aliwaokota ufukweni ndege na popo waliokufa, ambao miili yao ilikuwa imekauka na kugandwa na chumvi za magadi. Aliwaweka katika mikao ya viumbe hai, juu ya matawi na juu ya maji, akawapiga picha zilizotoka katika kitabu chake cha mwaka 2013. Yeye mwenyewe alieleza wazi kwamba aliwakuta wamekufa na kwamba ndiye aliyewapanga. Lakini picha ziliposambaa, maelezo yalibaki nyuma, na watu wengi duniani wakaamini kwamba Tanzania ina ziwa linalomgeuza mnyama kuwa jiwe mara anapoligusa. Ukweli ni kwamba Natron ndilo zalio kuu la heroe wadogo wa Afrika Mashariki. Wale ndege wanazaliwa humo! Fundisho: kusema ukweli mara moja mahali fulani hakutoshi kama maelezo hayasafiri pamoja na picha. Kwa hiyo ni vizuri sentensi ya kufunua iandikwe juu ya picha yenyewe, kwenye kona, mahali ambapo anayeituma mbele hawezi kuiacha.

Mfano wa pili ni wa Maasai Mara nchini Kenya, Septemba 2019. Zilionekana picha za mtoto wa punda milia mwenye mwili mweusi na vidoa vyeupe mahali pa milia. Baadhi ya waliomwona kwa mara ya kwanza walidhani amepakwa rangi. Alikuwa mnyama halisi kabisa, aliyezaliwa na hitilafu ya rangi ya ngozi, akapewa jina la Tira, kutokana na jina la muongozaji watalii aliyemwona. Fundisho: anayekosoa anaweza kukosea upande wa pili, akaita uongo kitu ambacho Muumba amekiruhusu kiwepo. Kadiri picha za kubuni zinavyosambazwa bila maelezo, ndivyo watu wanavyoacha kuamini hata zile za kweli. Mwongo hamuumizi aliyedanganywa peke yake. Anamuumiza pia msema kweli anayekuja baada yake.

Mfano wa tatu ni wa mashindano ya kimataifa ya picha za wanyamapori yanayoandaliwa na Makumbusho ya Historia ya Asili ya London. Mwaka 2017 picha ya mnyama mla-mchwa wa Brazil, akisogelea kichuguu kinachometameta usiku, ilipata ushindi katika kundi lake. Mwezi Aprili 2018 waandaaji waliiondoa baada ya wataalamu kulinganisha madoa na mikunjo ya manyoya na kuhitimisha kwamba mnyama huyo ni yuleyule aliyekaushwa na kuwekwa kwenye lango la hifadhi ya taifa. Mpiga picha alikanusha. Kwetu funzo liko kwenye kanuni iliyotumika. Mashindano yale huruhusu kurekebisha mwanga na kukata ukingo, lakini hayaruhusu kuongeza au kuondoa kitu, wala kuwasilisha mnyama aliyekufa kama aliye hai. Tunaona kwamba picha inaweza kuwa haijaguswa na programu yoyote ya kuhariri na bado ikavunja ahadi yake.

Pale ambapo kuhariri ni huruma

Hoja hiyo ya mwisho inatupeleka mahali ambapo wengi hatufikirii. Tumezoea kusifu picha kwa kusema "haijahaririwa hata kidogo". Lakini ilipatikanaje?

Popo mchana hulala. Mtu akifika chini ya miti ya Kidike, kishawishi cha kwanza ni kupiga makofi au kurusha kijiti ili waruke wote kwa pamoja, anga ijae mabawa. Picha itakayopatikana itakuwa halisi, kila popo alikuwepo. Lakini wanyama wameamshwa kwa hofu, wametumia nguvu waliyohitaji kwa safari ya usiku, na akina mama wenye watoto wamebabaishwa. Ndivyo ilivyo pia kwa bundi wa Pemba, mmoja wa aina nne za ndege wasiopatikana mahali pengine popote isipokuwa kisiwani hapa, pamoja na ninga, chozi na kinengenenge wa Pemba. Bundi ni ndege wa usiku. Kumulika macho yake kwa taa kali tena na tena katika Msitu wa Ngezi ili tu kupata picha safi ni kumsumbua kiumbe kwa ajili ya sifa zetu.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu, kwamba kwa kuwepo kwao tu wanamtukuza, na kwamba kuwatesa bila sababu ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake wa Laudato si' wa mwaka 2015, alisisitiza kwamba kila kiumbe kina thamani yake mbele ya Mungu, hata kabla hatujauliza kinatufaa nini. Tukipima kwa mizani hiyo, kijana aliyepiga popo wawili waliotulia, kisha nyumbani akawaunganisha kwenye anga moja kwa programu ya simu na kuandika alichofanya, amefanya kazi safi kuliko yule aliyewatawanya popo mia ili apate picha "halisi". Huyo wa kwanza ametunza ahadi kwa watazamaji na pia amemheshimu mnyama.

Kukosoa: macho kwanza, kisha akili, kisha moyo

Sasa tufike kwenye kukosoa. Wapiga picha wa ridhaa wanaoonyeshana kazi zao hukutana na aina mbili za maoni yasiyosaidia. Moja ni "umetisha, kaka!", ambayo hutolewa kwa kila picha na haimfundishi mtu chochote. Nyingine ni "hiyo ni fotoshopu tu", ambayo humfungia mtu mlango. Tunapendekeza njia yenye hatua.

Hatua ya kwanza ni kuuliza mwenye picha alikusudia nini. Picha iliyokusudiwa kuwa rekodi ya ndege adimu inapimwa kwa kipimo kimoja, na picha iliyokusudiwa kuwa ndoto inapimwa kwa kingine. Kumlaumu mtu wa ndoto kwa sababu anga si ya kweli ni sawa na kumlaumu Nathani kwa sababu mwanakondoo hana mchungaji anayejulikana.

Hatua ya pili ni ya uzuri. Sisi tunaosoma falsafa tunafundishwa mambo matatu ambayo Mtakatifu Thoma wa Akwino aliyataja kama masharti ya uzuri: ukamilifu, ulinganifu na mng'ao. Yanafaa sana mbele ya picha ya popo na mwezi. Ukamilifu: je, mnyama amebaki mzima? Mara nyingi aliyemtoa popo kwenye mandharinyuma yake hukata ncha za masikio na nywele ndogo za shingoni, na mnyama huonekana kama amekatwa kwa mkasi. Ulinganifu: je, mwanga unakubaliana? Mwezi ukiwa nyuma ya popo, tumbo lake haliwezi kung'aa kama saa sita mchana. Je, chenga za picha zinafanana? Picha ya usiku ya simu huwa na chenga. Popo aliyebandikwa akiwa laini kabisa hujitangaza mwenyewe. Mng'ao: je, rangi inamfunua mnyama au inamfunika? Manyoya ya rangi ya kutu yakikolezwa hadi kuwa kama embe bivu, tunaona programu, hatumwoni popo tena.

Thoma anaongeza jambo linalomfaa sana popo. Anasema sura inaweza kuitwa nzuri kama inakiwakilisha vizuri kitu chake, hata kama kitu chenyewe hakipendezi. Popo, bundi, fisi na kenge hawahitaji kupambwa wawe kama njiwa ndipo picha zao ziwe nzuri. Wanahitaji kutazamwa vizuri.

Hatua ya tatu ni ya ukweli. Tuulize: mtoto wa darasa la nne akiiona picha hii bila maelezo, ataondoka akiamini nini juu ya mnyama huyu? Kama ataamini kwamba popo wa Pemba ananyonya damu, wakati anakula matunda, picha imemsingizia kiumbe. Kama ataamini kwamba popo huruka mbele ya mwezi mkubwa, kosa ni dogo na sentensi moja inalirekebisha. Si kila upotoshaji una uzito sawa, na mkosoaji mwenye busara haweki mawe yote kwenye mzani mmoja.

Hatua ya nne ni ya upendo. Thoma anaweka kuonyana kidugu chini ya fadhila ya mapendo, yaani ni tendo la kumpenda mtu. Bwana wetu katika Mathayo sura ya 18 anaanza na faragha: wewe na yeye peke yenu. Kosa la ufundi katika picha linaweza kusemwa mbele ya wenzake, kwa sababu wote wanajifunza: "Kaka, mwezi umeuchagua vizuri, ila mwanga wa tumboni unatoka mbele wakati mwezi uko nyuma. Ukipunguza mwanga hapo kidogo, popo atakaa angani kweli." Kosa la uaminifu lianze faraghani, kwa sababu hapo tunagusa jina la mtu: "Ndugu yangu, watu wanaipokea hii kama tukio la kweli. Tafadhali iandike kwamba umeitengeneza." Lakini picha ikishasambaa na kuanza kutia watu hofu, marekebisho nayo yawe ya hadharani, maana Thoma mwenyewe anafundisha kwamba kosa la hadharani linahitaji tiba ya hadharani ili wengine wasipotoshwe. Hata hapo tunarekebisha picha, hatumvunji mtu.

Zamu yetu sisi tunaotazama

Huenda msomaji anasema: mimi sipigi picha, haya hayanihusu. Lakini wengi wetu ndio tunaozisambaza. Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni mwaka 2018, Baba Mtakatifu Fransisko alirudi hadi kwa nyoka wa kitabu cha Mwanzo, akaonyesha kwamba nguvu ya uongo iko katika kufanana na ukweli. Miaka mitano baadaye, Machi 2023, yeye mwenyewe alisambazwa duniani akiwa amevaa koti jeupe la kifahari ambalo hakuwahi kulivaa, katika picha iliyotengenezwa kwa akili mnemba. Mamilioni waliiamini. Leo programu hizo humtengeneza hata mnyama ambaye hakuna kamera iliyowahi kumwona, kwa hiyo mazoea ya kufunua yanahitajika kuliko zamani.

Pemba ni kisiwa ambacho karibu majirani zetu wote ni Waislamu, na sisi Wakatoliki ni wachache tunaojulikana kwa sura na kwa majina. Kinachotoka kwenye simu ya mwana parokia kinasomwa kama neno la parokia. Picha nzuri ya popo, yenye maelezo ya kweli, inaweza kuwa mazungumzo mazuri kati ya majirani juu ya kiumbe ambacho Mungu amekiweka katika kisiwa chao tu na si pengine. Picha ya kutisha, isiyo na mwenyewe, inaweza kurudisha kwa usiku mmoja hofu iliyochukua miaka kupoa, na ikawaweka hatarini mtu dhaifu na popo pia.

Katekisimu inasema kwamba sanaa, inapochochewa na ukweli na upendo kwa viumbe, ina mfano fulani wa kazi ya Mungu katika kuumba. Hatuwezi kutaka heshima kubwa kuliko hiyo kwa kijana mwenye simu chini ya miti ya Kidike. Basi tuhariri kwa uhuru, tuonyeshane kazi zetu, tuambiane ukweli kwa upole. Na kabla ya kutuma, tuandike kwenye kona ya picha, kwa maneno machache na ya wazi, kile ambacho mikono yetu imeongeza juu ya kile ambacho Mungu aliumba.